Hodhi Likiondolewa, Bomba Nalo Litazamwe



Mwaka jana kamati yetu ilipokea ombi la mwalimu wa madrasa anayeishi katika nyumba ya wakfu. Mama yake mzazi, aliyedhoofika magoti, hakuweza tena kuvuka ukingo wa hodhi la kuogea bila kushikwa mkono, naye aliona haya kusaidiwa kuoga. Tuliafiki hodhi liondolewe, pawekwe bomba la mvua na sakafu ya marumaru yenye kizingiti kifupi.

Fundi alituuliza iwapo bomba la kutolea maji lililo chini ya sakafu nalo libadilishwe. Sisi tuliokabidhiwa fedha za waumini tulijibu kuwa lililopo latosha, kwani limehudumia hodhi miaka mingi. Jibu hilo lilikuwa kosa letu. Haikupita wiki mbili maji yakajaa, yakavuka kizingiti hadi chumbani. Mama yule akawa anasimama katika maji yenye sabuni, akitilia shaka tahara yake na akihofia kuteleza. Akarudi kushikwa mkono. Hatimaye marumaru mpya zilibomolewa, na sakafu moja tukailipia mara mbili.

Sababu yake ni nyepesi kueleweka. Bomba la hodhi aghalabu huwa la inchi 1½. Maji yakichelewa kutoka, hodhi huyahifadhi, na hakuna anayedhurika. Sakafu ya bomba la mvua haina hifadhi hiyo. Ndoo ya lita 20 ikimwagwa kwa mkupuo juu ya mita moja ya mraba, maji hufikia kina cha sentimita 2 iwapo hayatoki. Ndiyo maana sakafu hiyo hustahiki bomba la inchi 2, ambalo eneo la njia yake huzidi lile la inchi 1½ kwa zaidi ya robo tatu. Nywele na utando wa sabuni navyo huliziba jembamba mapema zaidi.

Kwa hiyo tunawanasihi wasomaji wetu wanaokusudia kazi kama hii wazingatie mambo manne. Kwanza, sakafu ikiwa wazi, pimeni bomba lenyewe. Msidanganywe na ukubwa wa kichujio cha juu. Pili, kiwiko kinachohifadhi maji ya kuzuia harufu nacho kiwe cha inchi 2, na mbele yake pasiwe na kipande chembamba zaidi, kwani utokaji wa maji hubanwa na sehemu iliyo finyu kuliko zote. Tatu, bomba lipewe mteremko wa sentimita 2 hivi kwa kila mita, na sakafu nayo ielekee tunduni. Nne, kabla ya marumaru kubandikwa, mwageni ndoo mbili mfululizo mkitazama. Maji yakisita, rekebisheni siku hiyo hiyo. Kwa nyumba ya ghorofa, fundi achunguze kwanza bomba linapita wapi, kabla ya zege kuguswa.

Leo mama yule anaoga peke yake, mlango ukiwa umefungwa. Nasi katika daftari la kamati tumeandika gharama zote mbili, ili watakaotufuata wajue fedha ile ya pili ilikwenda wapi, na kwa uamuzi wa nani.

Wabillahi tawfiiq.