Msituletee kelele za slipringi tuzifute kwa programu

Wasomaji wangu, leo nimekuja na hasira, na nusu ya hasira hiyo najielekezea mwenyewe.

Viwandani kwetu mashine ikianza kutoa namba za ajabu, wa kwanza kupigiwa simu ni mtu wa programu. "Si uandike filta kidogo tu?" Mwaka 2019 niliitwa hivyo katika kiwanda kimoja cha saruji. Mashine ya kujaza mifuko huko huzunguka kama bembea ya sherehe, kila mdomo wake una mota na mizani yake. Umeme wa mota na mawimbi ya mizani hupitia slipringi, yaani pete za chuma zinazozunguka huku brashi zikizigusa. Bila hizo, nyaya zingejisokota zikatike kabla ya chai ya saa nne.

Namba za mizani zilikuwa zikirukaruka. Nikaandika msimbo wa kuchukua wastani wa vipimo 50. Zikatulia kama maji mtungini. Nikasifiwa, nikalipwa, nikaenda zangu nyumbani.

Miezi mitatu baadaye kijana wa zamu ya usiku akasimamishwa kazi. Tarakilishi ilisema mifuko yake ina kilo 50, wateja wakipima wanakuta 49 na kitu. Ikasemwa anachezea mashine.

Hebu tazameni hesabu. Mizani ile inayobeba kilo 100 hutoa milivolti 20 ikielemewa kabisa. Kwa hiyo kilo moja ni milivolti 0.2! Sentimita chache kando yake, kwenye pete jirani, inverta inapeleka kwa mota mapigo yanayozidi volti 500, maelfu kwa sekunde. Pete mbili zilizokaribiana ni kapasita, mtake msitake. Mapigo yanavuka, yanaingia kwenye amplifaya, na amplifaya ikizidiwa na masafa ya juu huyageuza kuwa volti tulivu inayojiongeza kwenye kipimo. Wastani wa vipimo 50 vyenye kosa lile lile ni kosa lile lile. Mizani ilikuwa ikijiweka sifuri mota ikiwa imezima, kisha inapima mota ikiwaka. Ndiyo maana kila mfuko ulipungua.

Namba zilizorukaruka zilikuwa zikipiga mayowe kwamba kuna tatizo. Mimi nikazifunga mdomo.

Niliporudi nilikuja na fundi wa umeme na osiloskopu. Kwanza tuliwasha inverta mashine ikiwa imesimama: kelele tele. Kisha tukazima kila kitu isipokuwa mizani, tukaisukuma mashine tupu kwa mikono, watu wanne: kelele kidogo tu, za brashi zilizochakaa na vumbi la saruji. Jaribio la nusu saa. Hakuna aliyelifanya kabla ya kunipigia simu, na mimi sikuuliza.

Dawa haikuwa na mstari hata mmoja wa msimbo. Amplifaya na kigeuzi cha dijitali vilihamishiwa upande unaozunguka, karibu na mizani, zikawa zinashuka namba badala ya mikrovolti. Pete za mizani zikatengwa na za mota kwa pete mbili zilizofungwa kwenye athi. Wavu wa shaba unaofunika waya wa mizani ukapewa pete yake, maana hapo awali ulikuwa umekatwa pale juu na kuachwa uning'inie! Kebo ya inverta nayo ikabadilishwa, wavu wake ukabanwa kwenye chuma kuzunguka kote, si kwa kale kamkia ka waya tulikozoea.

Najua watakaosema vipuri ni ghali na programu ni bure. Bure kwa nani? Kijana yule alirudishwa kazini, lakini mshahara wa wiki tatu alizokaa nyumbani hakulipwa. Mimi pesa ya ile filta nilikuwa nimeshaila.