Tabibu Aulize, Nasi Tuseme

Huku Kyela, mvua za masika zinapojaza mito ya Mbaka na Kiwira na maji kutuama mashambani, homa huwa jambo la kila nyumba. Mama humbeba mtoto hadi zahanati, tabibu hutoboa kidole, huona malaria, huandika dawa. Je, iwapo damu ya mtoto haiihimili dawa aliyoandikiwa?

Wapo kati yetu waliorithi upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, kinacholinda chembe nyekundu za damu. Wengi huishi bila kujua. Lakini wakipewa primakwini, au dapsoni ya kutibu ukoma, chembe hizo zaweza kupasuka, mkojo ukawa kama chai ya rangi na mgonjwa akaishiwa damu. (Dawa mseto ya malaria tuliyoizoea haimo katika kundi hili, mtu asiiache.)

Elimu hii si ya jana. Chanzo cha madhara hayo kilitangazwa mwaka 1956 nchini Marekani, baada ya primakwini kujaribiwa kwa wafungwa wa gereza la Stateville, Illinois. Walioumia walikuwa hasa weusi. Hata hivyo, mwaka 2003 Afrika ililetewa dawa ya malaria yenye dapsoni, Lapdap, nayo haikuondolewa hadi 2008, majaribio yalipoonyesha jinsi wenye upungufu huo walivyopungukiwa damu. Mwili wa mtu mweusi ulitoa elimu hiyo. Mbona kinga ilichelewa kumfikia?

Matabibu tunaozungumza nao hawapingi vipimo vya vinasaba. Wanasema foleni ni ndefu, kipimo hakipo, na jibu likichelewa mgonjwa amekwisha kurudi kwao Ipinda au Matema. Hoja yao ina uzito. Shirika la Afya Duniani lenyewe, mwaka 2012, lilishauri dozi moja ndogo ya primakwini, ya kuzuia maambukizi kupitia mbu, itolewe bila kipimo. Sisi hatutaki matibabu yacheleweshwe. Tunadai kipimo kifike zahanati, kisiishie hospitali za mijini, hasa pale dawa hizo zinapotolewa kwa siku nyingi.

Upungufu huu hurithiwa na wavulana kutoka kwa mama. Basi viongozi wa jumuiya, wahimizeni akina mama wamwambie tabibu, hata asipouliza, iwapo kaka wa mtoto au mjomba wake aliwahi kukojoa mkojo mweusi baada ya kumeza dawa, na dawa hiyo ilikuwa ipi.