Mtoto Asome Biashara, Karafuu Zisiuzwe Mtini

Ndugu Wanachama,

Msimu ukikaribia, mzazi huuza karafuu zikiwa bado mtini apate karo ya kijana anayekwenda bara kusoma biashara. Hatumlaumu, maana elimu ni mali isiyoibiwa. Lakini tazameni ajabu hii: twauza kwa hasara ili mtoto akafundishwe kutouza kwa hasara!

Vyuo vipo, navyo ni vizuri. Moshi kipo cha Ushirika, kilichoanza mwaka 1963 na kuwa Chuo Kikuu mwaka 2014. Arusha, mtaa wa Njiro, kipo Chuo cha Uhasibu. Hata hapa kwetu SUZA yafundisha biashara. Ila twawaasa vijana wasikae na vitabu tu. Aliyeko Arusha na apande gari la Namanga, ashuke Oldonyo Sambu, chini ya Mlima Meru. Huko wako wafugaji na wakulima wa mahindi na maharage. Aulize bei ya gunia shambani, nauli ya lori, na bei ya mpakani. Ataona kuwa mkulima mwenye shida huuza mapema, na faida humwendea mwenye subira na chombo. Ndiyo hadithi ya baba yake Pemba.

Tangu mwaka 1968 mnunuzi wa karafuu zetu ni mmoja, Shirika la ZSTC. Kwa hiyo faida yetu haimo katika kubishania bei. Imo katika gharama na usafi wa mali. Kilo tatu mbichi hutoa kama kilo moja kavu. Je, nani miongoni mwetu ameandika ujira wa wachumaji, majamvi na usafiri, akajua kilo hiyo imemgharimu kiasi gani? Mali bila daftari huisha bila habari.

Basi rai yetu ni hii. Kijana, kabla ya kwenda chuoni, ashike daftari la shamba msimu mmoja mzima. Akirudi likizo, alifungue mbele ya wazee wake, wala asione haya kuanza na kitalu cha miche au biashara ya makonyo. Na sisi wazazi tuweke akiba ya karo tangu msimu mwema, mti usiwekwe rehani.

Jambo hili tutalileta mkutanoni. Njooni na daftari zenu.

Wabillahi taufiki.

Katibu