Mguu wa Matende Upimwe, Usikisiwe kwa Macho

Katika Pwani yetu, tangu Kwale hadi Lamu, matende si maradhi mageni. Mbu humwambukiza binadamu minyoo wadogo ambao huishi katika mishipa ya limfu na kuiharibu, na majimaji yaliyopaswa kurudi katika damu yakabaki mguuni. Tangu Serikali ilipoanza kugawa dawa kwa umma huko Kilifi mwaka 2002, juhudi kubwa zimefanywa za kuwakinga ambao hawajaugua. Hilo nalipongeza. Hata hivyo, dawa hizo huua hasa minyoo wachanga waliomo damuni. Haziurudishi mguu uliokwisha kufura. Mwenye mguu huo huambiwa auoshe kwa sabuni na maji kila siku, aukaushe baina ya vidole, auinue anapoketi na aufanyishe mazoezi.

Hiyo ni kazi ya miaka. Nami nauliza: atajuaje kwamba inamfaa? Nimepata kuona kadi za wagonjwa zilizoandikwa maneno yale yale mwezi baada ya mwezi: mguu umevimba. Umevimba kiasi gani? Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, na afya nayo ni mali. Mgonjwa asiyeoneshwa tofauti yoyote hukata tamaa, akaacha kuuosha mguu, na vidonda vikamrudia.

Chombo kinachohitajika ni utepe wa fundi cherehani. Mguu hutiwa alama kwa kalamu kila baada ya sentimita 4, kutoka kifundoni kwenda juu, kisha mzingo wake hupimwa penye kila alama, utepe ukiigusa ngozi bila kuibana. Mguu wa pili hupimwa vivyo hivyo. Saa nayo iwe ile ile, kwa kuwa mguu hufura kadiri siku inavyokwenda. Apimwaye asubuhi leo na jioni mwezi ujao amepimwa bure.

Walimu wenzangu wa hisabati, hapa pana somo. Kipande cha mguu kati ya alama mbili ni mfano wa pia iliyokatwa kileleni. Jumlisha mraba wa mzingo wa kwanza, mraba wa wa pili, na zao la mizingo yote miwili. Zidisha kwa umbali baina yao, kisha ugawe kwa pai mara 12. Tuseme mizingo ni sentimita 24 na 28, na umbali ni sentimita 10: ujazo ni takribani mililita 539. Kila mzingo ukipungua kwa sentimita moja tu, ujazo huwa 498. Mililita 40 zimeondoka katika kipande kifupi, na jicho halikuona kitu!

(Wapo wanaotumbukiza mguu katika chombo kilichojaa maji pomoni na kupima yaliyomwagika, kwa kanuni ya Archimedes. Ni njia sahihi, ila haifai penye kidonda.)

Wala si matende pekee. Mwanamke aliyeondolewa tezi za kwapani kwa sababu ya saratani ya matiti huweza kuvimba mkono hata baada ya miaka kadhaa. Huyo nashauri apimwe mikono yote miwili kabla ya upasuaji, maana mkono tunaoutumia zaidi aghalabu huwa mnene kidogo kuliko mwenzake hata katika mwili mzima.