Piriton Si Dawa ya Kumlaza Mtoto

Hapa Ngamiani mtu akitokwa na vipele vya kuwasha baada ya kula kamba au pweza, au akipiga chafya kwa vumbi, hukimbilia Piriton. Kuwasha hupungua kweli, lakini dawa hiyo huingia ubongoni na kuleta usingizi. Nasikitika nikisikia mama kampa mtoto mzima ili alale tu, au dereva kaimeza asubuhi kisha kashika usukani.

Kwa mzio, yaani aleji, mimi naona heri setirizini au loratadini. Hizo haziingii sana ubongoni. Mtu mzima humeza kidonge kimoja cha miligramu 10 mara moja kwa siku. Setirizini huwasinzisha baadhi ya watu, basi anza nayo jioni, tena bila pombe (hata ile ya arusi!). Mtoto apewe kipimo alichoandikiwa. Mjamzito na mgonjwa wa figo waulize kwanza.

Lakini midomo au ulimi ukivimba, au pumzi ikibana, msingojee kidonge. Hapo inatakiwa sindano ya adrenalini: mkimbizeni mgonjwa Bombo au hospitali iliyo karibu, hata usiku wa manane.