Nguvu za Kijana Zina Mpaka

Mwaka 1979 timu ya besiboli ya Oakland, Marekani, ilishindwa mara 108. Mwaka uliofuata kocha Billy Martin aliwategemea warushaji mpira watano, wote chini ya miaka 30. Kati ya michezo 162, michezo 94 ilimalizwa na mrushaji yule yule aliyeianza, bila ya kupokewa; Rick Langford peke yake alimaliza 28. Timu ikapanda hadi nafasi ya pili katika kundi lake, kocha akasifiwa.

Je, gharama alilipa nani? Katika miaka michache iliyofuata Langford, Norris, Keough na McCatty waliumia mikono au mabega, wakafifia.

Uongozi haupimwi kwa mavuno ya msimu mmoja. Amkamuaye kijana kupita kiasi anakula mbegu ya mwakani.