Na Dada Naye Apelekwe Wapi?

Hebu niambie ukweli. Kijana wa kiume mtaani kwenu akizama kwenye pombe, watu husema nini? "Maskini, ni marafiki wabaya." Harambee inafanywa, anapelekwa rihabu. Akizama dada yake je? "Huyo ni malaya tu." Anafichwa ndani.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili juu ya chupa. Niliyekuwa nakunywa naye alikuwa msichana. Mimi wajomba walinichangia. Yeye alikuwa na mtoto wa miezi minane, na kituo nilichoenda kilikuwa na vitanda vya wanaume pekee. Kwingine wakamwambia aje bila mtoto. Sasa amwachie nani?

Na si aibu tu. Mwili wa mwanamke una maji kidogo kuliko wa mwanamume, kwa hivyo chupa ileile humlemea zaidi. Methadoni nayo, dawa ya waraibu wa heroini iliyoanza kutolewa Mathari mwaka wa 2014, hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Mama wa kibarua cha kufua nguo, mtoto mgongoni, atapanga foleni hiyo kila asubuhi vipi?

Kaunti zikijenga vituo, ziweke vitanda vya kina mama na mahali pa watoto. Wewe nawe, ukiombwa mchango, usiulize kwanza ni mvulana au msichana.

Mimi nina miaka miwili bila tone. Yeye bado anakunywa.